Mlezi Naye Ainuliwe: Kujitolea Kama Njia ya Kurudisha Ujuzi na Ujasiri

Ifuatayo ni mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi katika semina ya siku moja ya kamati za diakonia za sharika. Semina hiyo ilihudhuriwa pia na wawakilishi wa marafiki wetu wanaochangia kazi hii. Tumeichapa karibu kama alivyoizungumza.



Nimepewa nusu saa nizungumze juu ya walezi. Kabla sijaanza, naomba kila mmoja wetu aufikirie usharika wake. Ni nani ambaye zamani alikuwa anaimba kwaya, au anahesabu sadaka, au anapandisha bei ya mkungu wa ndizi kwenye mnada baada ya ibada, na sasa humwoni? Usimtafute kwenye orodha ya waliohama, wala ya waliofariki. Yupo. Yuko nyumbani anauguza.

Ninaposema mlezi leo sina maana ya mlezi wa kwaya au wa umoja wa vijana. Nina maana ya mtu anayemtunza ndugu yake nyumbani: baba aliyepooza kwa kiharusi, mke mwenye saratani, mtoto mwenye mtindio wa ubongo, bibi ambaye amesahau hata jina la mwanawe wa kwanza. Mara nyingi mlezi huyo ni mwanamke, lakini si kila mara. Halipwi, hakuajiriwa wala hakupigiwa kura. Siku moja ugonjwa uliingia ndani ya nyumba, watu wakatazamana, na yeye ndiye aliyesimama.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliitambua familia kuwa ndiyo msingi wa matunzo ya wazee wetu. Sisi kama kanisa tunakubaliana na hilo. Lakini tukiishia kusema "familia" tunajificha nyuma ya neno. Katika familia ya watu 9, anayeamka usiku ni mtu 1.

"Nyumbani tu"

Naomba nianze na habari zangu mwenyewe, maana sikulijua jambo hili kutoka kwenye vitabu.

Mwaka 2009 nilikuwa nafanya kazi ya mahesabu katika ofisi moja Dar es Salaam. Ulikuwa mwaka wangu wa tatu tangu nimalize chuo kikuu. Mwezi Agosti mama yangu alianguka jikoni akiwa anapika. Kilikuwa kiharusi. Upande wote wa kulia ukalala na maneno yakamwishia. Kaka zangu walikuwa na familia zao, dada yangu alikuwa mjamzito. Mimi sikuwa na mume wala mtoto, kwa hiyo kikao cha ukoo hakikuchukua muda mrefu. Niliomba likizo bila malipo, ikaisha, nikaandika barua ya kuacha kazi, nikapanda basi la Moshi.

Nilimtunza mama miaka 4 na miezi 2. Nilijifunza kumgeuza kila baada ya saa 2 ili asipate vidonda vya kulalia. Nilijifunza kumlisha mtori kijiko kimoja kimoja, mgongo umeinuliwa, nikingoja ameze kwanza, maana mgonjwa wa kiharusi hupaliwa kwa urahisi na chakula kikaingia kwenye mapafu. Niliandika kwenye daftari saa za dawa na vipimo vya presha. Nilijua bei za maduka yote ya dawa kutoka kwetu hadi stendi. Nilijua namna ya kuongea na dereva wa kukodi mpaka apunguze, na namna ya kumwuliza daktari swali moja la maana katika dakika chache nilizopata. Mama alifariki Oktoba 2013. Hakuwa na kidonda hata kimoja mgongoni.

Mwanzoni mwa 2014 nikaanza kutafuta kazi. Niliitwa kwenye usaili mahali ambapo sitapataja. Mmoja wa wasaili alitazama karatasi zangu akaniuliza, "Kuanzia 2009 mpaka 2013 ulikuwa wapi?" Nikajibu, "Nilikuwa nyumbani tu." Akaandika. Kazi sikuipata.

Kwa muda mrefu nilimkasirikia yule msaili. Baadaye nilikuja kugundua kwamba yeye hakufanya kosa kubwa. Alinipa nafasi ya kusema, na neno lile "tu" lilitoka kinywani mwangu. Miaka 4 ya kazi ya usiku na mchana, nami mwenyewe niliifuta kwa silabi moja.

Hicho ndicho nataka tukitazame leo. Kuuguza humchukulia mtu fedha na muda, hayo tunayajua na tunayaombea. Lakini humchukulia pia mambo ambayo hatuyaoni. Kwanza, ujuzi wake wa zamani hupata kutu: aliyekuwa fundi hajashika cherehani miaka mitatu, aliyekuwa mhasibu hajafungua kompyuta. Pili, watu wanaomjua kikazi hupungua, mmoja anahama, mwingine anastaafu, mpaka hana wa kumtaja kama mdhamini. Tatu, na hili ndilo zito, hupoteza ujasiri. Huanza kuogopa kikao. Huogopa kusema mbele ya watu. Akiulizwa anafanya nini, hushusha macho.

Daftari la Jumanne

Aliyeniinua mimi alikuwa mzee mmoja wa kanisa, mwalimu mstaafu, ambaye alikuwa mweka hazina wa mfuko wa ada za watoto yatima usharikani kwetu. Alikuja nyumbani, nikampa shikamoo na chai, akasema, "Mwanangu, njoo Jumanne unisaidie daftari. Macho yangu yamechoka." Baadaye nilikuja kumkuta akisoma gazeti bila miwani.

Jumanne ya kwanza niliona aibu. Mimi mwenye shahada nilikaa mbele ya daftari la fedha nikasahau upande wa kuanzia. Mwisho wa siku jumla yangu ilipishana kwa Sh 4,000 na fedha zilizokuwa kwenye kasha. Nikaomba radhi, nikasema afadhali atafutwe mtu mwingine. Mzee yule hakulichukua daftari. Alivuta kiti, akasema, "Fedha haijapotea, imejificha. Anza ukurasa wa juu." Tukaanza. Nilikuwa nimeandika 3,500 mahali pa 7,500.

Wapendwa, kama angelichukua daftari na kusahihisha mwenyewe, nisingerudi Jumanne iliyofuata. Nilirudi kwa sababu kosa lilikuwa langu na masahihisho pia yalikuwa yangu. Jioni ile nilichoka uchovu wa aina nyingine, ule ambao mtu akilala anapata usingizi.

Baada ya miezi michache nilikuwa naandaa taarifa ya mfuko kwa ajili ya Baraza la Usharika. Kisha usharika ukanilipia nauli kwenda kwenye mafunzo ya watunza hazina ya jimbo. Mwaka 2016 ilipotangazwa kazi ya mkataba mfupi katika mradi mmoja wa dayosisi, mzee yule na mchungaji waliniandikia barua. Haikuwa ya kunisifu. Ilieleza nilichofanya, kwa muda gani, na kiasi cha fedha kilichopita mikononi mwangu bila kupungua. Cheti cha chuo kikuu nilikuwa nacho siku zote. Kilichokuwa kimekosekana ni mtu wa kusema: huyu tumefanya naye kazi mwaka jana, tunamjua.

Tulichojifunza katika miaka ya UKIMWI

Jambo hili si geni kwetu. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI hapa nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Katika miaka iliyofuata, kabla dawa za kupunguza makali hazijaanza kutolewa bure mwaka 2004, hospitali zilizidiwa na wagonjwa wengi waliuguliwa na kufia majumbani. Makanisa, misikiti na mashirika yaliandaa watu wa kujitolea kuwatembelea. Wenzetu mliofanya kazi hiyo mnakumbuka ni akina nani waliojitokeza. Wengi walikuwa wajane, na akina mama waliokwisha kumzika mtu. Walikuwa wamemaliza kulia, na mikono yao ilikuwa inajua kazi.

Niliwahi kumwuliza mmoja wao kwa nini alikubali kuingia nyumba za wengine wakati yake ilikuwa na msiba. Aliniambia, "Nyumbani kwangu nilikuwa mjane. Nikiingia kwa watu nilikuwa mhudumu." Mama huyo alijifunza kuandika taarifa ya mwezi, kuongoza kikao, kusimama mbele ya mwenyekiti wa kijiji na kudai jambo. Hakuyajua hayo kabla.

Lakini tuseme na upande wa pili. Miradi mingi ya wakati ule ilikuwa na mwanzo na mwisho wake, na mwisho ulipofika mhudumu alibaki na fulana, labda na baiskeli, bila hata barua moja inayoeleza kazi aliyoifanya. Mwezi Januari 2024 Serikali ilizindua mpango jumuishi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wenye lengo la kuwa na wahudumu zaidi ya 137,000 nchini kwa miaka 5, wapate mafunzo na posho. Ni jambo la kumshukuru Mungu. Ila mtu aliyejitolea miaka 10 bila karatasi yoyote anaanza mstari mmoja na yule ambaye hajawahi kumwosha mgonjwa. Hilo halikuwa kosa la Serikali. Sisi hatukuandika.

Boazi aliacha masuke makusudi

Katika Kitabu cha Ruthu tunamwona mlezi. Ruthu hakumwacha mama mkwe wake mzee, lakini pia hakukaa naye ndani wakalia pamoja mpaka chakula kikaisha. Alitoka kwenda shambani kuokota masazo nyuma ya wavunaji, na jioni alirudi kwa Naomi na nafaka.

Tunapenda kumhubiri Ruthu. Leo naomba tumtazame Boazi. Yeye aliwaagiza vijana wake mambo mawili: wasimsumbue, na wamwachie masuke kwa makusudi. Hakumpelekea gunia nyumbani. Alipanga shamba lake kwa namna ambayo mwanamke mwenye mzigo nyumbani angeweza kuingia, kufanya kazi kwa heshima, na kutoka na kitu.

Kamati ya diakonia ni Boazi. Kazi yetu si kumpelekea mlezi sabuni na sukari peke yake, ingawa sabuni na sukari ziendelee. Kazi yetu ni kuacha masuke makusudi: kutafuta ndani ya usharika kazi ndogo, halisi, yenye saa zinazojulikana, ambayo mlezi anaweza kuifanya na ikaonekana.

Niwape mfano mmoja. Kuna mama katika usharika mmoja wa milimani ambaye mtoto wake ana mtindio wa ubongo. Alikuwa fundi cherehani mzuri. Mtoto alipofika miaka 3 bila kukaa wala kushika kichwa, mama alifunga kibanda chake cha kushonea, na cherehani kikauzwa ili walipie matibabu. Kamati ilimwomba arekebishe majoho ya kwaya, Jumatano asubuhi, kwenye ukumbi wa usharika, kwa cherehani cha akina mama. Mtoto alikuja naye akalazwa kwenye mkeka, na mwanakwaya mmoja alipangwa kukaa karibu naye. Majoho yalikuwa 22. Wiki ya kwanza alitengua mshono wake mara tatu. Kufikia joho la kumi mikono ilikuwa imekumbuka.

Halafu likatokea jambo. Watu walipoona majoho, mmoja alileta suruali ya mumewe, mwingine sare za watoto, wote wakitaka bure, kwa kuwa "si anajitolea?" Mwenyekiti wa kamati alisimama baada ya ibada akatangaza: majoho ni ya Bwana, suruali ni za wenyewe, zilipiwe. Watu walicheka, lakini walilipa. Leo mama yule anashona kwa malipo siku 2 kwa juma, bado ana mtoto wake, bado amechoka. Sitaki kuwadanganya kwamba shida imekwisha. Lakini ukimwuliza anafanya nini, anasema, "Mimi ni fundi."

Makosa tuliyofanya

Wageni wetu wamezoea kusikia mafanikio. Leo naomba radhi, nitasema na makosa, maana ndiyo yaliyotufundisha zaidi.

Kosa la kwanza: tuliwarudisha walezi kwenye kuuguza. Tulidhani kwa kuwa wanajua kumgeuza mgonjwa, basi hiyo ndiyo kazi ya kuwapa. Tulimwendea baba mmoja, dereva wa lori wa zamani, aliyemuuguza mkewe miaka 3 kwa saratani mpaka akamzika. Tukamwomba amtembelee mgonjwa mwingine kila Alhamisi. Alitusikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Wanangu, magonjwa nimeshiba." Tukaondoka tukidhani amekataa kujitolea. Miezi miwili baadaye fundi wa jengo la chekechea alihitaji mtu wa kusimamia mchanga na saruji vinavyoingia, na baba yule akaja mwenyewe, hakuitwa. Alisimamia mpaka bati la mwisho, na akiwa bado kwenye kazi hiyo akaenda kuhuisha leseni yake. Somo letu: usimpangie mlezi kazi kabla hujamwuliza alikuwa nani kabla ya ugonjwa.

Kosa la pili ni zito zaidi, na bado linaniuma, maana barua ya mwaliko niliisaini mimi. Tuliandaa mafunzo ya siku 3 mjini. Mama mmoja aliyekuwa anamuuguza mume aliyepooza alitaka sana kuja. Hatukumwuliza nani atabaki na mgonjwa. Alimwachia jirani. Siku ya pili jirani alitoka kidogo kwenda kuchota maji, mgonjwa akajaribu kujiinua peke yake, akaanguka kutoka kitandani na kuvunjika nyonga. Mama yule hakurudi kwenye mafunzo, wala kwenye kikao chochote tulichoitisha tena. Nilikwenda kumwomba msamaha. Alinipokea vizuri, akanipikia, na hakulaumu mtu isipokuwa yeye mwenyewe. Hilo ndilo lililoniuma. Tulikusudia kumjengea ujasiri, tukamwongezea hatia.

Kosa la tatu ni la kila siku. Neno "kujitolea" likikaa mdomoni mwa viongozi muda mrefu hugeuka kuwa jina zuri la kazi isiyolipwa. Tuna dada ambao wamekuwa "wa kujitolea" miaka 6 mahali pale pale, wakifanya kazi ile ile, huku mwenye cheo akilipwa. Kujitolea ni daraja, na daraja hujengwa ili watu wavuke. Tukimweka mtu alale juu yake, tumemdhulumu.

Mambo 6 ya kuzingatia

Kutokana na hayo, napendekeza kila kamati ianze na walezi 2 au 3, si zaidi, na izingatie haya:

1. Anza na mgonjwa. Kabla mlezi hajapewa kazi yoyote, jina la atakayeshika zamu nyumbani liandikwe. Awe mtu anayekubalika kwa mgonjwa, aliyeonyeshwa na mlezi mwenyewe namna ya kumlisha na kumgeuza, na asiyeondoka mpaka mlezi amerudi. Kama hakuna wa kushika zamu, hakuna kazi. Hapa vikundi vyetu vya ibada za nyumba kwa nyumba vinaweza kusaidia sana, maana wanajuana.

2. Kazi iwe ndogo na iwe na mwisho. Saa 2 kwa juma, kwa miezi 3, kisha mkae mtathmini. Mlezi anaogopa ahadi ndefu kwa kuwa hajui kesho mgonjwa ataamkaje. Na siku asipokuja kwa sababu ya mgonjwa, asiandikwe mtoro.

3. Kazi iwe ya kweli. Msimpe mlezi kazi ya kumliwaza. Akitunza daftari, liwe daftari linalosomwa kwenye Baraza. Akishona, kivaliwe. Mtu hujua anapohurumiwa.

4. Awepo mtu wa kukaa naye. Kila mlezi apangiwe mwenzake mwenye subira, anayejua kazi hiyo, atakayevuta kiti bila kuchukua daftari.

5. Nauli na chai visitoke mfukoni mwake. Mlezi akitumia hela ya bodaboda kuja kujitolea, ametumia hela ya dawa.

6. Andika. Kila baada ya miezi 3 mlezi apewe barua yenye mhuri wa usharika, ikieleza alichofanya, kwa saa ngapi, na alichojifunza. Na kwenye barua hiyo, kwa ruhusa yake, iandikwe pia kazi aliyoifanya nyumbani kwa lugha ya kazi: ametunza kumbukumbu za dawa kila siku kwa miaka miwili, amesimamia fedha za matibabu, amemhudumia mgonjwa asiyejiweza. Hayo ni kweli, na mwajiri anayaelewa.

Aidha, tusimwache mlezi mlangoni. Fundi aliyejifunzia kazi mtaani, awe mshonaji, mpishi, mwashi au fundi magari, anaweza kupimwa na kurasimishiwa ujuzi wake kupitia VETA bila kuanza kozi upya. Aliyekatisha sekondari anaweza kusajiliwa kama mtahiniwa wa kujitegemea. Ikitangazwa nafasi ya mhudumu wa afya ngazi ya jamii kijijini, kamati iwe ya kwanza kumweleza mlezi anayefaa na kumsaidia kujaza fomu. Habari hizi hubandikwa kwenye mbao za matangazo, na mlezi hapiti kwenye mbao za matangazo.

Kwa marafiki wanaochangia

Neno langu la mwisho ni kwa wageni wetu, na kwa wasomaji wa jarida letu walio mbali. Tunashukuru kwa uaminifu wenu. Nina maombi mawili.

La kwanza ni kuhusu bajeti. Kila tunapoandika mradi wa namna hii, fungu linalokatwa kwanza ni la nauli, chai, na posho kidogo ya mshika zamu. Linaonekana kama matumizi ya pembeni. Ukweli ni kwamba fungu hilo ndilo mlango wenyewe. Mkitoa fedha ya mafunzo mkakata ya mshika zamu, mafunzo yatahudhuriwa na wasio na wagonjwa.

La pili ni kuhusu taarifa. Mnatuuliza watu wangapi wamefundishwa, nasi tunajibu kwa idadi. Tunaomba mtuulize pia: miezi 6 baadaye mlezi anafanya nini? Ni nani aliyeandikiwa barua? Ni nani aliyeacha, na kwa nini? Namba zitakuwa ndogo, na mara nyingine jibu litakuwa kwamba mlezi amerudi nyumbani kwa sababu mgonjwa amezidiwa. Hiyo pia ni taarifa, na isihesabiwe kuwa mradi umeshindwa.

Kumalizia

Mama yule ambaye mume wake alianguka, nilimtembelea tena mwaka uliopita. Mume amekwisha kufariki. Sikumpelekea fomu wala mwaliko. Tuliongea habari za kahawa na za wajukuu. Nilipokuwa naaga, aliniuliza kama lile darasa la utunzaji wa vitabu vya VICOBA bado lipo. Nikamwambia lipo, Jumanne, pale pale usharikani, saa 2 tu. Akasema atafikiri. Bado hajaja. Kiti chake tumekiacha.

Ndugu zangu, mkirudi kwenye sharika zenu, nawaomba jambo moja ambalo halihitaji mfadhili. Jumapili ijayo, kabla ya mnada kuanza, taja jina moja la mtu ambaye hujamwona siku nyingi. Kisha mwende watu wawili nyumbani kwake: mmoja akae na mgonjwa, mwingine amwulize mlezi alikuwa anafanya kazi gani zamani, na amsikilize mpaka amalize. Na kama akiwajibu kwamba siku hizi yuko nyumbani tu, msiipokee hiyo "tu". Mrudishieni.

Mungu awabariki ninyi, na wote wanaoamka usiku huu kumgeuza mgonjwa.